Herufi Zinazoruka: Somo la Kupima Kumbukumbu ya Kompyuta Ndogo



Wengi wetu tulipomaliza kisomo tulishika jambo moja: hesabu za kikundi ziandikwe, zisomwe mbele ya watu, na zitunzwe. Siku hizi vikundi vingine vimeweka daftari kando na kushika kompyuta. Si vibaya. Lakini kompyuta nayo inaweza kuandika uongo bila mtu yeyote kudanganya. Katika somo la leo tutaona jambo hilo linatokeaje, na mtu wa kijijini anaweza kulipima vipi. Nitaanza na yaliyotupata sisi hapa Kituntu mwaka 2022.

Kikundi chetu ni cha kuweka na kukopa. Hisa moja ni shilingi 2,000. Tunakutana kila Alhamisi alasiri, watu wakishatoka kwenye mibuni na migomba yao. Sanduku letu la fedha lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Kila mwanachama ana kijitabu chake kinachogongwa muhuri kwa kila hisa, na vijitabu vyote hufungiwa humo sandukuni. Juu ya hayo, katibu wetu huandika kila kitu katika kompyuta ndogo ya mkononi, ile ya kioo cha inchi 10, tuliyopewa na kijana wetu mmoja anayefanya kazi Mwanza. Huandika kwa maandishi ya kawaida tu, mstari mmoja kwa mtu mmoja.

Kompyuta yenyewe ni ya zamani. Ilikuwa inatambaa kama konokono: unabonya, unasubiri, unasahau ulichobonya. Fundi akatushauri tuiongezee kumbukumbu, yaani ile ramu. Tukachanga, tukanunua kipande kilichokwisha kutumika cha giga 2, kikawekwa mahali pa kile cha zamani cha giga 1. Kweli ikawa nyepesi. Tulipiga makofi kikaoni.

Baada ya wiki tatu hivi ikaanza vituko. Programu inajifunga yenyewe. Mara kioo kinakuwa cha bluu na maandishi meupe, halafu inazima na kujiwasha. Katibu akasema ni virusi. Akaweka programu ya kuua virusi, haikuona kitu. Basi tukazoea. Ikizima tunaiwasha, tunaendelea. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, na nitalirudia huko mbele.

Mwezi ulipokwisha tukahesabu fedha. Kwa maandishi ya kompyuta, sanduku lilikuwa limepungukiwa shilingi 240,000.

Hapo kikao kikachafuka. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima anayeheshimika, akaambiwa aweke ufunguo wake mezani. Watu walisema: kompyuta haina tumbo wala haidaiwi ada ya mtoto, kwa nini idanganye? Hata hesabu rahisi ya kufuli tatu hatukuifanya. Mwenye ufunguo mmoja angelifunguaje sanduku peke yake? Mimi mwalimu wao nilikaa kimya, na ukimya ule unanitia aibu mpaka leo.

Wiki iliyofuata mwanachama mmoja, mama aliyejifunza kusoma katika darasa letu akiwa na wajukuu tayari, aliomba asomewe akiba yake. Katibu akasoma: shilingi 340,000. Yule mama akasema, "Katibu, mimi sijawahi kuwa na laki tatu na arobaini. Nipe kijitabu changu." Kijitabu kikasema 140,000. Akaomba aone kioo mwenyewe. Yeye husoma polepole, kidole chini ya kila herufi. Sisi tunaosoma haraka tunakisia neno kabla halijaisha, yeye hakisii. Akasema, "Mwalimu, hapa jina la mwezi ni Mcchi. Na hapa mmeandika mkoro. Mkoro ni nini?"

Tukatazama sote. Kweli, Machi ilikuwa Mcchi. Mkopo ulikuwa mkoro. Kahawa mahali pengine ilikuwa kahcwa. Si kila mahali. Neno moja hapa, jingine mistari 30 mbele. Tukatoa vijitabu vyote na kulinganisha. Mtu wa 140,000 aliandikwa 340,000. Wa 54,000 aliandikwa 74,000. Wa 40,000 aliandikwa 60,000. Jumlisha ziada hizo tatu: 200,000 na 20,000 na 20,000. Unapata 240,000 ileile iliyodaiwa kuibwa. Yupo na mtu wa 96,000 ambaye mahali pa 9 palikuwa na alama ya nukta na mkato, hivi: ;6,000. Tulikuwa tumeiona mapema tukadhani kidole cha katibu kiliteleza, tukamjumlisha kwa kutazama kijitabu.

Sasa angalia vizuri makosa hayo. Herufi a imekuwa c. Herufi p imekuwa r. Tarakimu 1 imekuwa 3, 5 imekuwa 7, 4 imekuwa 6. Kila mara imerukwa moja katikati. Na hakuna tarakimu hata moja iliyopungua. Mwizi haibi hivyo, na kidole kinachoteleza hakitelezi hivyo.

Kwa nini herufi ziliruka

Ndani ya kompyuta kuna mahali pawili pa kuweka maandishi, na watu wengi huvichanganya. Diski ni kama ghala la kahawa. Gunia likiingia linakaa, hata taa ikizimwa. Ramu ni kama meza ya kuchambulia. Huwezi kuchambua kahawa ikiwa ndani ya gunia ghalani. Lazima uimwage mezani, uichambue, kisha uirudishe. Umeme ukizima, meza inafagiwa yote. Kompyuta ikifungua daftari la kikundi, inalitoa ghalani na kulimwaga mezani. Ukihifadhi, inalikusanya kutoka mezani na kulirudisha ghalani. Basi meza ikiwa mbovu, hata kahawa safi itarudi ghalani imeharibika. Ndiyo maana kosa letu la kuzoea lilikuwa kubwa: kila Alhamisi tulilifungua daftari juu ya meza mbovu na kulihifadhi upya, na kila mara uharibifu ukaongezeka.

Meza hiyo imetengenezwa kwa vijitaa vidogo mno, ambavyo kila kimoja ama kimewaka ama kimezima. Kipande cha giga 2 kina vijitaa zaidi ya bilioni 17. Herufi moja hutumia vijitaa 8, na kila kijitaa kina thamani yake: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Kwa utaratibu uliowekwa Marekani miaka ya 1960, na ambao kompyuta za leo bado zinaufuata, herufi ndogo a ni namba 97. Chukua maharage uhesabu: 64 na 32 na 1 ni 97. Kwa hiyo kwa herufi a vijitaa vya 64, 32 na 1 vinawaka, vingine vimezima. Sasa kile kijitaa cha 2 kikiharibika kikawa kinawaka daima, 97 inageuka kuwa 99. Na 99 ndiyo herufi c.

Tarakimu nazo zina namba zao. Tarakimu 1 huandikwa kwa namba 49, yaani 32 na 16 na 1. Ongeza 2, unapata 51, ambayo ni tarakimu 3. Tarakimu 9 ni namba 57. Ongeza 2, unapata 59, na 59 si tarakimu tena, ni ile nukta na mkato. Lakini tarakimu 3 yenyewe ikikaa mahali pale haidhuriki, kwa sababu kijitaa chake cha 2 kilikuwa kinawaka tangu mwanzo. Ndiyo maana makosa hayakutokea kwa kila herufi, na ndiyo maana fedha ziliongezeka tu bila kupungua.

Usidhani haya ni ya mashine chakavu za kijijini peke yake. Mwaka 2003, katika uchaguzi uliofanyika huko Schaerbeek, nchini Ubelgiji, mgombea mmoja alionekana amepata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Waliporudia kuhesabu, ziada ilikuwa kura 4,096 kamili. Chukua 1, uizidishe kwa 2 mara 12, utapata 4,096. Hiyo ni thamani ya kijitaa kimoja. Wachunguzi hawakukuta kasoro katika programu, wakaona maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba kijitaa kimoja kilijigeuza chenyewe kwa mara moja. Tofauti na kwetu ni hiyo: chao kiligeuka mara moja kikarudi, vyetu vilikuwa vimekufa kabisa. Mwaka 2009 watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walieleza kwamba katika kompyuta nyingi walizozichunguza, zaidi ya vipande 8 katika kila 100 vya kumbukumbu vilikuwa na angalau kosa moja kwa mwaka. Mashine kubwa kama hizo zina namna ya kujisahihisha. Hizi ndogo tunazotumia sisi kwa kawaida hazina.

Jinsi ya kupima

Kwanza jiulize: kitu gani kilibadilishwa kabla matatizo hayajaanza? Sisi tulikuwa na jibu mkononi siku nyingi, lakini tulikimbilia virusi. Kama matatizo yameanza baada ya kuongeza ramu, shuku ramu kabla ya kitu kingine. Dalili zenyewe ni hizi tulizozitaja: kujifunga, kioo cha bluu, mafaili kukataa kufunguka, herufi kubadilika. Pengine mashine haiwaki kabisa. Taa inawaka, kioo cheusi, inalia pii pii. Hapo mara nyingi kipande hakikukaa sawasawa au si cha aina yake. Lakini mashine inayozima kila inapopata joto sana, au inayozima ukigusa waya wa chaja, huenda haina ubaya wa ramu.

Ukishashuku, acha kuandika. Usifungue daftari la kikundi wala usihifadhi chochote. Nakala uliyoweka kwenye flashi baada ya ramu mpya kuingia nayo usiiamini. Tafuta nakala ya kabla ya siku ile.

Kisha fungua mashine, au msimamie fundi akifungua. Zima kabisa, si kuifunika tu. Toa chaja, toa betri, bonya kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa kitu cha chuma kabla ya kushika vipande vya ndani, maana umeme mdogo wa mwilini, ule unaokurusha ukivua sweta kavu, unaweza kuua ramu bila wewe kusikia kitu. Chini ya mashine kuna kifuniko chenye skrubu moja au mbili. Ndani utaona kipande cha ramu: kibao chembamba chenye urefu wa karibu sentimita 7, vidude vyeusi juu yake, na meno ya rangi ya dhahabu. Vishikizo viwili vya pembeni ukivisukuma nje, kibao kinainuka chenyewe. Kishike kwa kingo, usiguse meno. (Kompyuta nyingine ndogo ramu yake imelehemewa kwenye bodi. Hiyo haitolewi, na anayekuahidi kuiongeza kwa bei rahisi mwogope.)

Soma karatasi iliyobandikwa juu ya kibao. DDR2 ya kompyuta za mkononi ina meno 200, DDR3 ina meno 204, DDR4 ina meno 260. Pengo katikati ya meno limewekwa mahali tofauti ili moja isiingie penye nyingine, kwa hiyo kipande kikikataa usikisukume kwa nguvu. Yupo mdogo wake DDR3 aitwaye DDR3L. Hao wana meno sawa na pengo sawa, lakini DDR3 hutumia volti 1.5 na DDR3L volti 1.35, na ziko mashine zinazotaka DDR3L tu. Ukiweka kile cha kawaida, ama haiwaki ama inayumba. Tena zipo kompyuta ndogo za zamani ambazo haziwezi kupokea zaidi ya giga 2 hata ukiwa na fedha.

Sugua meno kwa raba safi ya kufutia penseli, taratibu, kisha futa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu. Rudisha kibao kwa kukiinamisha kidogo, kiingie mpaka mwisho, ndipo ukibonyeze chini mpaka vishikizo vilie ta. Mara nyingine ugonjwa wote unaishia hapo, na huna haja ya kununua kitu.

Kwetu haukuishia hapo. Basi tukapima. Iko programu ya bure iitwayo Memtest86+. Inawekwa kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo nzima, na flashi hiyo iwe tupu kwa sababu vilivyomo vitafutwa. Toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, linafanya kazi kwenye mashine za zamani na mpya. Unachomeka flashi, unawasha, unabonya kitufe cha kuchagua pa kuanzia, ambacho kwa mashine nyingi ni F12 au Esc. Programu hiyo haipiti kwenye diski wala haigusi mafaili yako. Inaandika namba katika kila sehemu ya meza, halafu inazisoma kuona kama zimebaki kama zilivyo. Kama mashine yako ina Windows na huna flashi, andika mdsched mahali pa kutafutia. Kipimo chake kimo ndani tayari, ila mimi nauamini zaidi ule wa kwanza.

Kipimo hiki ni cha subira. Mashine ndogo inaweza kumaliza saa kadhaa kwa mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja hautoshi. Iache usiku kucha. Sola yetu isingeweza, kwa hiyo tuliipeleka Kayanga kwa ndugu wa katibu mwenye umeme nyumbani, tukaiacha kwenye chaja. Haikuhitaji usiku. Kwa dakika kama 20 mistari myekundu ilianza kupanda kioo kizima. Kila mstari ulionyesha namba iliyoandikwa na namba iliyosomwa, na tofauti kati yake ilikuwa ileile kila mara: kile kijitaa cha 2.

Msomaji mwingine angetupa kipande hapohapo. Ngoja kwanza. Mistari myekundu inasema meza ni mbovu, lakini haisemi kama ubaya uko kwenye kibao au mahali kibao kinapokaa. Hapa ndipo kipande cha zamani kinapookoa fedha. Bahati nzuri katibu wetu hakumwachia fundi kile cha giga 1. Alikiweka ndani ya bahasha ya kadi ya harusi. Tukakirudisha, tukapima usiku kucha, mizunguko mitatu, hakuna kosa hata moja. Sasa tulijua: mahali ni pazima, kibao kipya ndicho kibovu. Kama na kile cha zamani kingetoa mistari myekundu, ingekuwa ubaya wa bodi, na kununua ramu nyingine kungekuwa kutupa fedha. Kwa hiyo ukibadilisha ramu, ondoka na kipande chako cha zamani. Usikubali kuambiwa hakina kazi.

Tulipiga picha ya mistari kwa simu na kumpelekea muuzaji. Alibisha, kwamba kibao kilikuwa kizima kilipotoka kwake. Kwa muda tulibishana naye, mwisho akatupa kingine. Hicho tulikipima usiku mbili kabla hatujaandika hata jina moja.

Daftari la kompyuta tuliliandika upya kutoka kwenye vijitabu. Kazi hiyo ilichukua Alhamisi mbili, mmoja akisoma kijitabu, mwingine akiandika, na yule mama wa kidole akihakiki. Mweka hazina aliombwa radhi na mwenyekiti mbele ya wote. Radhi aliipokea. Ufunguo aliukataa, akasema tuchague mwingine. Bado anakuja kila Alhamisi, ananunua hisa zake kama wengine, anakaa karibu na mlango.

Zoezi

Mstari ufuatao umetoka kwenye meza mbovu kama ile yetu. Kumbuka kwamba hisa moja ni shilingi 2,000.

Mama clinunua jisa 7 kwa shilingi 30,000.

Tafuta herufi na tarakimu zote zilizoruka, uandike mstari kama ulivyokuwa mwanzoni. Hakikisha hesabu yako inakubaliana na bei ya hisa. Kisha eleza kwa nini herufi k katika neno kwa haiwezi kuruka. Utahitaji kujua kwamba namba ya k ni 107.